Profesa Luigi Broglio: Mhandisi Aliyerusha Roketi Kutoka Bahari ya Malindi



Ni desturi ya jarida letu kuweka habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, ili sisi tuliomaliza, pamoja na vijana walioko madarasani sasa, tupate la kujifunza. Safari hii naomba niwaletee habari za mhandisi mmoja wa Kiitalia, Profesa Luigi Broglio, aliyefariki mwaka 2001. Kwao Italia huhesabiwa kuwa ndiye baba wa safari za anga za juu za nchi ile. Kwetu Afrika Mashariki jina lake halisikiki sana, ingawa kazi yake kubwa kuliko zote aliifanyia hapa hapa jirani, katika maji ya Kenya, kaskazini ya Malindi.

Ninayo sababu ya kumchagua. Katika mkutano wetu wa mwaka huu tutajadili ombi la chama cha sayansi cha shule. Vijana wanaomba tuwasaidie kununua roketi ya mfano, ya aina ile kubwa yenye nguvu, inayouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Wanataka kuiunga katika maabara na kuirusha katika mbuga iliyo wazi nje ya mji. Nimesikia maoni ya aina mbili. Wapo wasemao kwamba huo ni mchezo wa watoto wa nchi tajiri, na kwamba kuunga kitu kilichotengenezwa na wengine si sayansi. Wapo pia wasemao kwamba ni hatari.

Hao wa pili nawaelewa kuliko wanavyodhani. Wenzangu wa darasa letu wanaikumbuka Jumamosi moja tulipokuwa kidato cha tatu, tulipojaribu kutengeneza roketi yetu kwa siri kwa kipande cha bomba la chuma. Hapakuwa na mwalimu, wala kitabu, wala kipimo. Bomba lilipasuka. Rafiki yangu alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kiberiti. Leo yeye ni baba wa watoto wanne na fundi anayetegemewa, na hajanilaumu hata siku moja, lakini kila tunapopeana mikono nakumbuka. Kwa miaka mingi nilipinga habari yoyote ya roketi shuleni. Niliposoma maisha ya Broglio ndipo nilipotambua kosa letu lilikuwa wapi.

UJANA NA MASOMO

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio bara, mkabala na visiwa vya Venezia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, kisha akaingia katika Jeshi la Anga la Italia akiwa ofisa mhandisi. Tangu hapo alivaa kofia mbili maisha yake yote. Jeshini alipanda cheo hadi kuwa jenerali, na chuoni alikuwa mwalimu na mtafiti wa hesabu za miundo ya ndege.

Mwalimu aliyemtangulia alikuwa Gaetano Arturo Crocco, aliyeanzisha shule ya uhandisi wa ndege katika chuo kile mwaka 1926, na ambaye alikuwa akifikiria habari za roketi wakati watu wengi walipoziona kuwa ni ndoto tu. Mwaka 1952 Broglio alishika uongozi wa shule ile badala ya Crocco. Italia wakati huo ilikuwa nchi iliyoshindwa vita, yenye viwanda vilivyobomolewa na wananchi wengi waliokuwa wakihama kutafuta kazi ng'ambo. Hakuna aliyeitazamia kuwa nchi ya kurusha vyombo mbinguni.

Mwaka 1956 Broglio alipewa kazi ya kusimamia uwanja wa majaribio ya roketi huko Salto di Quirra, katika kisiwa cha Sardinia. Hapo alijifunza jambo ambalo baadaye lilimfaa sana. Roketi si chombo tu. Inahitaji mahali pa kurukia, mahali pa kuangukia, na watu wanaojua kila mmoja asimame wapi. Mwezi wa Januari 1961 kikundi chake kilirusha kutoka Sardinia roketi ya Kimarekani ya Nike-Cajun. Roketi hiyo ilikwenda juu ikamwaga wingu la mvuke wa sodiamu, ili wataalamu waliokuwa chini wautazame mwendo wa wingu na kujua pepo za juu zinavyovuma. Angalieni vema: roketi ilikuwa ya kununua. Walioiandaa, walioirusha na waliopima walikuwa Waitalia.

MPANGO WA SAN MARCO

Mwaka ule ule wa 1961 Broglio alipeleka kwa serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango aliouita San Marco, yaani Mtakatifu Marko, msimamizi wa Venezia. Mpango ulisema kwamba Italia itengeneze satelaiti yake, na kwamba satelaiti hiyo irushwe na Waitalia wenyewe kutoka karibu na ikweta. Serikali ilikubali.

Roketi za kubebea satelaiti Italia haikuwa nazo. Kuzibuni upya kungechukua miaka mingi na fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Broglio hakuona haya. Alikwenda Marekani kuomba roketi ya Scout, ambayo ilikuwa ndogo na rahisi kuliko nyingine zote zilizoweza kufikisha satelaiti juu. Mwaka 1962 yalitiwa saini makubaliano kati ya Italia na shirika la NASA. Wamarekani wangetoa roketi na mafunzo. Waitalia wangetengeneza satelaiti, wangejenga kituo cha baharini, na wangefanya kazi ya kurusha kwa mikono yao. Hapakuwa na upande uliomlipa mwenzake fedha.

Kazi iligawanywa katika hatua tatu. Hatua ya kwanza ilikuwa kurusha roketi ndogo za kupimia hewa. Ya pili, kurusha satelaiti ya Kiitalia kutoka kituo cha Wallops, Marekani, ambako kila kitu kilikuwa tayari na walimu walikuwa karibu. Ya tatu, kurusha kutoka baharini karibu na ikweta. Wala hakuna hatua iliyorukwa.

Tarehe 15 Desemba 1964 satelaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops na kikundi cha Waitalia. Ilikuwa na umbo la mpira, upana wake sentimeta 66, na uzito wake kilo 115 hivi. Urusi na Marekani zilikuwa zimekwisha kutangulia, na nchi nyingine mbili tatu zilikuwa na satelaiti zilizorushiwa na Wamarekani. Lakini Italia ilikuwa nchi ya kwanza, nje ya yale mataifa mawili makubwa, kurusha satelaiti yake kwa watu wake yenyewe.

Kilichokuwa ndani ya mpira ule Broglio alikibuni mwenyewe, nacho kinastahili kuelezwa kwa sababu hata kijana wa kidato cha nne aweza kukielewa. Alitaka kujua hewa ya huko juu ni nyepesi kiasi gani. Alifanya gamba la nje la satelaiti liwe mbali na kiini cha ndani, viwili hivyo vikiunganishwa kwa mikono yenye kunyumbuka kama springi. Satelaiti inapokwenda kasi, hewa ile chache hulisukuma gamba la nje nyuma kidogo sana, lakini haikigusi kiini kilicho ndani. Kwa kupima gamba limesogea kiasi gani, unajua hewa imesukuma kwa nguvu gani, na hapo unapata uzito wa hewa yenyewe. Chombo hiki kinaitwa mizani ya Broglio. Ni mizani kama ile ya sokoni, ila inapima upepo mahali ambapo karibu hakuna upepo.

KWA NINI MALINDI

Mtu aweza kuuliza kwa nini Mwitalia aliacha nchi yake akaja kurushia roketi pwani ya Afrika. Jibu lamo katika jiografia. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi ya ardhi ni kubwa zaidi kwenye ikweta, kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Huko Wallops kasi ya ardhi ni kiasi cha kilomita 1,320 tu. Tofauti hiyo ya kilomita 350 kwa saa ni mzigo mkubwa ambao roketi ndogo husaidiwa kuubeba.

Pili, satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hurudi juu ya kituo kile kile kila baada ya saa moja na nusu na ushei, kwa hiyo kituo kimoja chatosha kuisikiliza. Tatu, mashariki ya pwani ya Kenya kuna Bahari ya Hindi, ambamo hatua za roketi zilizokwisha kuungua zingeweza kuanguka bila kumwangukia mtu. Nne, alitumia majukwaa yanayosimama baharini kwa miguu, hivyo hakuhitaji kuhamisha vijiji.

Jukwaa la kwanza liliitwa Santa Rita. Hapo awali lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta baharini, nalo lilipatikana kwa msaada wa shirika la mafuta la Italia, ENI. Lilikokotwa hadi Kenya, likasimamishwa mkabala na Ras Ngomeni, kilomita 30 na ushei kaskazini ya Malindi. Mwezi Machi na Aprili 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, roketi za Nike-Apache za kupimia hewa zilirushwa kutoka hapo. Jukwaa la pili, lililoitwa San Marco kama mpango wenyewe, lilikuwa gati la jeshi la Marekani lililotengenezwa upya Italia katika bandari ya La Spezia na kuletwa Kenya mwaka 1966. Roketi zilisimama juu ya San Marco. Waongozaji walikaa Santa Rita, nusu kilomita hivi kutoka pale, wakiunganishwa nalo kwa nyaya zilizopita chini ya maji.

Nusu kilomita hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko kitu chochote nilipokuwa nikisoma habari hizi. Jenerali, profesa, mtu aliyeijua roketi ile kila skrubu yake, hakusimama karibu nayo wakati wa kuiwasha. Sisi tulisimama hatua tano.

SIKU ZA KURUSHA

Roketi ya Scout ilikuwa na urefu wa mita 22 hivi na uzito wa tani zipatazo 20. Ilikuwa na hatua nne, moja juu ya nyingine, zote zikitumia mafuta yabisi, yaani mafuta makavu yaliyogandishwa ndani ya bomba. Vipande vyake vililetwa kutoka Marekani, na juu ya jukwaa mafundi waliviunganisha kimoja kimoja roketi ikiwa imelazwa chini ya banda refu. Ilipokamilika ndipo ilipoinuliwa kusimama. Kwa maneno mengine, Scout ilikuwa roketi ya kununuliwa kwa vipande na kuungwa na mwenye kuinunua, kama hii wanayoiomba vijana wetu, ila ni kubwa mno.

Tarehe 26 Aprili 1967, siku ambayo sisi Watanzania tulikuwa tukiadhimisha miaka mitatu ya Muungano, San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaani. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka kituo cha baharini, na mizani ya Broglio ilipima hewa ya juu ya ikweta yenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1970. Wamarekani walikuwa na satelaiti ya kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu hewa huizuia. Kwa kuwa satelaiti ilifaa kuzunguka juu ya ikweta, waliamua kumpa Broglio kazi ya kuirusha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa satelaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Basi neno hilo la Kiswahili limo hadi leo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Satelaiti ya Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilisaidia pia kuonyesha kwamba katika kundi la nyota la Cygnus kuna kitu kizito kisichotoa nuru, ambacho wataalamu walikuja kukubali kuwa ni shimo jeusi. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genova huko Italia, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tangu 1967 hadi 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa lile: nne za San Marco, nne za Marekani na moja ya Uingereza, Ariel 5, iliyopaa Oktoba 1974. Zote tisa zilifika juu. Ukiongeza na ile ya Wallops, kikundi cha Broglio kilirusha Scout mara kumi bila kupoteza hata moja. Wakati huo huo roketi nyingi ndogo za kupimia hewa zilirushwa kutoka hapo.

MIAKA YA MWISHO

Satelaiti ya mwisho, San Marco 5, ilipaa tarehe 25 Machi 1988. Broglio alikuwa na umri wa miaka 76. Alitamani kazi iendelee kwa kutumia roketi ya Scout iliyoongezewa nguvu, lakini mpango huo haukufika mwisho. Ulaya ilikuwa imekwisha kuwa na roketi zake kubwa zilizorushwa kutoka Guyana ya Kifaransa, na fedha za Italia zilielekezwa huko. Scout yenyewe iliachwa kutumika mwaka 1994. Majukwaa yakabaki yamesimama baharini yakiliwa na chumvi, na kituo cha nchi kavu cha Ngomeni kikaendelea na kazi ya kusikiliza satelaiti na roketi za wengine.

Profesa Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Baada ya kifo chake kituo cha Malindi kilipewa jina lake.

Lingekuwa kosa kumsifu mtu huyu bila kusema neno moja zito. Kwa miaka mingi kituo kile kilikuwa katika ardhi na maji ya Kenya, lakini waliokijua kwa undani walikuwa wageni. Wenyeji walipata ajira na mishahara. Elimu yenyewe ya roketi ilipanda meli ikarudi Roma. Ndiyo maana majadiliano juu ya manufaa ya kituo kwa Kenya yaliendelea, hadi nchi mbili hizo zikatia saini makubaliano mapya mwaka 2016. Mwaka 2017 Kenya ikaunda shirika lake la anga za juu. Tarehe 11 Mei 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia, nayo iliundwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Roma, chuo kile kile cha Broglio. Mwaka 2023 ikafuata Taifa-1. Tangu roketi ya kwanza ya Ngomeni hadi satelaiti ya kwanza ya Kenya ilipita miaka 54. Roketi hupaa kwa dakika chache. Kufundisha watu ndiko kunakochukua muda, nako kusipoanzishwa mapema hakuna jukwaa litakaloziba pengo hilo.

TUFANYE NINI SISI

Sasa narudi kwenye ombi la vijana wetu.

Roketi ya mfano yenye nguvu kubwa huja na bomba la karatasi nene au la fibaglasi, pua, mapezi matatu au manne, mwavuli wa kushukia na kamba yake. Mota hununuliwa mbali, ikiwa imejazwa na kupimwa kiwandani. Ukubwa wa mota huandikwa kwa herufi, na kila herufi inaongeza mara mbili uwezo wa ile iliyotangulia. Kuanzia herufi H ndipo huhesabiwa kuwa ya nguvu kubwa. Huwashwa kwa umeme kutoka mbali, na hupaa ikiongozwa na reli hadi ipate kasi ya kutosha mapezi yake kushika hewa.

Wasemao kwamba kuunga vipande si sayansi, na wajibu swali hili: roketi itakwenda wima au itageuka na kuturudia? Kanuni ni kwamba mahali uzito unapolingana lazima pawe mbele ya mahali nguvu ya hewa inapolingana, kwa umbali usiopungua upana wa bomba lenyewe. Ndugu zetu Wahadzabe wa Mkalama hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Hufunga manyoya nyuma ya mshale na kuweka uzito mbele. Kijana aliyepaka gundi nyingi mno kwenye mapezi amehamisha uzito nyuma, na hana budi kupima upya na kuongeza uzito puani. Atapima uzito kwa kuilaza roketi juu ya kamba. Atahesabu urefu iliyofika kwa kupima pembe kutoka mahali pawili, kwa hesabu zile zile za pembetatu tulizokuwa tukiuliza zina faida gani. Tena atajifunza kungoja, maana kwetu Singida upepo wa kiangazi hauombwi ruhusa, na roketi yenye mapezi hugeuza pua kuufuata upepo unakotoka. Upepo ukiwa mkali, siku hiyo hairushwi, hata kama Mkuu wa Mkoa amekwisha kualikwa.

Na kwa wale wanaoogopa, nasema hofu yao ni ya haki, lakini dawa yake si kukataza. Sisi tulikatazwa, na tulifanya kwa siri. Dawa ni kufuata njia ya Broglio, hatua kwa hatua. Napendekeza hivi.

Mwaka wa kwanza, vijana warushe roketi za maji, kwa chupa za plastiki na pampu ya baiskeli, mpaka waandike vipimo vyao bila kudanganya. Mwaka wa pili, waunge roketi ndogo za mota ndogo. Mwaka wa tatu ndipo tununue kubwa, iungwe chini ya mtu mzima mwenye ujuzi uliothibitishwa. Mota zisiagizwe wala zisihifadhiwe shuleni kabla ya kibali cha polisi na cha wenye mamlaka ya anga. Mahali pa kurushia pafyekwe nyasi na pawe na maji na mchanga, maana cheche moja katika mbuga kavu yaweza kumaliza malisho ya kijiji kizima. Wenye mifugo wapewe habari mapema. Ikishindwa kuwaka, mtu asiisogelee mpaka umeme ukatwe na muda upite. Na wote wasimame mbali. Santa Rita yao waichore ardhini kwa chokaa, na asiivuke mtu, awe mwanafunzi, mwalimu au mgeni rasmi.

Nimezungumza na rafiki yangu yule kabla ya kuandika haya, kwa kuwa si haki kuitaja mikono ya mtu bila idhini yake. Amekubali niandike, akaongeza kwamba yuko tayari kuwa wa kwanza kuchangia, na kwamba reli ya kurushia ataichomelea yeye mwenyewe bila malipo. Alitoa sharti moja tu, kwamba siku ya kwanza ya kurusha yeye ndiye atakayekaa kwenye mstari wa chokaa kuwazuia vijana wasiuvuke.

Mimi nimekwisha kutia jina langu chini ya lake katika karatasi ya michango. Karatasi hiyo itakuwa mezani kwa Katibu siku ya mkutano. Tukutane salama.